Bawabu aliyehama mlango: kisa cha kijana wa Ukerewe

Aliletwa Mwanza na mjomba wake, mvuvi wa dagaa, siku ambayo mwezi ulikuwa mpevu. Hilo la mwezi niliandika pembeni ya daftari langu kwa sababu lilieleza mengi. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, na hapo ndipo mtu mzima anapata nafasi ya kupanda meli Nansio, bandari ya Ukerewe, na kuvuka na mgonjwa. Homa ilikuwa imeanza wiki sita nyuma. Kijana alikuwa na miaka 12. Huko alikopita alikuwa amepewa dawa ya malaria mara tatu, na mara moja tu kati ya hizo alipimwa kwanza. Fizi zilikuwa zikitoka damu kila akipiga mswaki, na mjomba alidhani ni ukosefu wa matunda.

Kazi yangu mimi ni ya hadubini, wagonjwa wanaonwa na wenzangu. Huyu nilimwona mwenyewe kwa kuwa nilipanda wodini kumchukua uboho, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu. "Shikamoo daktari," alisema, akajigeuza kifudifudi bila kuambiwa mara ya pili. Umri na mambo mengine madogo nimeyabadilisha hapa, na mjomba aliridhia niandike.

Picha ya damu ilisema hivi: hemoglobini gramu 5.1 kwa desilita, na kwa kila mikrolita ya damu, sahani za kugandisha damu 14,000, chembe nyeupe 212,000. Mtoto wa umri wake mwenye afya huwa na chembe nyeupe elfu tano hadi elfu kumi na tatu hivi. Nilipoweka kioo chini ya hadubini, karibu kila chembe nyeupe ilikuwa changa: kubwa, kiini kimejaa seli nzima, na ndani ya baadhi yao vijiti vyembamba vyekundu vinavyoitwa vijiti vya Auer. Ukiviona hivyo, swali la malaria limekwisha. Ilikuwa lukemia ya mieloidi, saratani ya damu, ile inayokwenda kasi.

Usiku uleule alianzishiwa haidroksiurea ili wingi wa chembe ushuke kabla damu haijawa nzito mno kupita kwenye mishipa ya ubongo. Dawa hiyo ilikuwa kabatini kwa sababu Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, nao ndio waitumiao kila siku. Sampuli ya uboho ilisafirishwa kwenda kupigwa picha ya kromosomu, na nyingine ikahifadhiwa kwenye jokofu kwa ajili ya vipimo vya RNA, nakala ambazo seli huzitoa kwenye jeni zake, ambavyo wenzetu wa nje ya nchi walikuwa wametuahidi kuvifanya. Jibu la kromosomu lilirudi kwanza: 46,XY, hakuna kasoro iliyoonekana.

Nilifurahi, na hapo ndipo nilipokosea. Katika lukemia ya mieloidi, kromosomu zisizo na kasoro humweka mgonjwa kwenye kundi la kati la matumaini ya kupona: si kundi baya, si kundi zuri. Niliandika "kundi la kati" kwenye karatasi ya majibu na nikasaini.

Alipewa dawa za kawaida, sitarabini siku saba na daunorubisini siku tatu. Siku ya 28 nilichukua uboho tena nikitarajia kuuona umesafishika. Chembe changa zilikuwa bado 30 katika kila 100. Siku ya 41, kabla mzunguko wa pili wa dawa haujamalizika, bakteria waliingia kwenye damu isiyo na askari, na akafariki alfajiri. Wiki tatu baadaye likaja jibu la RNA kwa barua pepe. Mstari mmoja ulisema jeni ya NUP98 imeunganika na jeni ya NSD1. Mstari wa pili ulisema jeni ya FLT3 ina kipande kilichojirudia.

Mwanafunzi aliyekuwa nami maabara aliusoma mstari wa kwanza mara mbili. "Daktari, hii NUP98 si ya kwenye tundu la kiini? Ya mlangoni? Inafanya nini kwenye saratani ya damu?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike kisa hiki.

Sote tulifundishwa kwamba kiini cha seli kina ukuta wa ngozi mbili, na kwenye ukuta huo pana matundu ya kupitishia mizigo. Matundu hayo yalionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1950, pale Callan na Tomlin walipoangalia viini vya mayai machanga ya amfibia kwa hadubini ya elektroni. Leo tunajua kwamba kila tundu ni jengo la pande nane zinazofanana, lina upana wa nanomita 120 hivi, na limejengwa kwa protini za aina 30 hivi zinazoitwa nukleoporini. Kila aina imerudiwa mara nyingi, hata jumla yake kwa tundu moja la seli ya binadamu inafika kama protini 1,000. Seli moja ina matundu elfu mbili, elfu tatu.

Sehemu ya kushangaza zaidi iko katikati ya tundu, na kwa hiyo naomba msomaji aufikirie mlenda. Usukumani kila mtu anaujua. Baadhi ya nukleoporini zina mikia mirefu isiyo na umbo maalumu, iliyojaa jozi za asidi amino mbili (asidi amino ndizo shanga zinazojenga protini), fenilalanini na glisini, zinazorudiwa tena na tena. Mikia hiyo inanatana kidogo, inaachana, inanatana tena, mpaka njia nzima ya katikati inakuwa kitu cha kuvutika kama ute wa bamia. Molekuli ndogo, za uzito wa chini ya kilodaltoni 40 hivi, hupenya zenyewe. Kubwa hukwama. Ili ipite, kubwa inahitaji mchukuzi, importini au eksportini, ambaye uso wake unapatana na zile jozi. Mchukuzi anateleza kama tonge la ugali lililochovywa kwenye mlenda, na tundu moja linaweza kupitisha mizigo hadi 1,000 hivi kwa sekunde moja.

NUP98 ni mmoja wa wenye mkia wa namna hiyo. Ni bawabu. Kama kazi yake ingeishia hapo, mwanafunzi wangu angekuwa na haki ya kushangaa.

Lakini mwaka 1985 Günter Blobel wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, mtu aliyepata Nobeli mwaka 1999 kwa kazi yake ya kueleza protini zinajuaje mahali pa kwenda, aliweka mezani wazo ambalo wakati ule lilikuwa na ushahidi mdogo. Alisema huenda DNA ndani ya kiini haikurundikwa ovyo. Huenda jeni inayosomwa huletwa karibu na tundu fulani, ili nakala zake za RNA zitokee mlango ulio jirani. Kwa mtu wa Mwanza wazo hilo halihitaji maelezo marefu: soko la dagaa la Kirumba liko mwaloni, mahali boti zinapofika, halikujengwa Nyakato, mbali na boti.

Wazo lilikaa karibu miaka ishirini. Mwaka 2004 watafiti wa hamira walionyesha kwamba jeni zinapoamshwa huhamia ukingoni mwa kiini na kugusana na protini za matundu. Jeni moja, INO1, ambayo hamira huitumia inapokosa kirutubisho cha inositoli, ilionekana ikitoka katikati kwenda ukutani. Hapo Blobel alianza kuonekana amesema kweli, japo kwa seli ya hamira, ambayo kiini chake ni kidogo na ukuta hauko mbali na jeni yoyote.

Kilichobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, ni nzi wa matunda. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba kwa nzi, NUP98 hushika jeni za makuzi huku ikiwa mbali kabisa na ukuta, katikati ya kiini. Bawabu alikuwa akiacha mlango. Walipoipunguza, jeni hizo zilisomwa kidogo. Walipoiongeza, zilisomwa zaidi. Baadaye, mwaka 2013, ilionekana kwamba seli za binadamu zilizowahi kukutana na interferoni gama, ishara ya mwili ya kupambana na maambukizi, huitikia haraka zaidi zikikutana nayo tena, hata baada ya kugawanyika mara kadhaa, na kwamba kumbukumbu hiyo inategemea NUP98 iliyobaki imekaa mwanzoni mwa jeni husika. Yaani bawabu pia anakumbuka nani alipita hapa.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mwanafunzi ni kwamba NUP98 haikuwahi kuwa ya mlangoni tu. Ndani ya kiini ina kazi ya pili ya kushika jeni na kuzisaidia zisomwe, na hiyo ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa ugonjwa ndani ya mtoto huyu.

Jeni ya NUP98 iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 11, karibu na ncha. NSD1 iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 5, nayo karibu na ncha. Katika seli moja ya uboho wa kijana yule, ncha hizo mbili zilikatika na kuunganishwa kwa kubadilishana. Kiumbe kilichozaliwa ni protini moja yenye nusu mbili: mbele, mkia wa mlenda wa NUP98, nyuma, mashine ya NSD1.

NSD1 ni kimeng'enya kinachoweka alama kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu. Alama yake huwekwa kwenye nafasi ya 36 ya histoni ya tatu, na mahali penye alama hiyo ni vigumu mashine za kunyamazisha jeni kufanya kazi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba protini hii ya nusu mbili hukaa kwenye jeni za kundi la HOXA, hasa HOXA7 na HOXA9, ikaweka alama hiyo, na kuzizuia zisinyamazishwe.

Hapa ndipo ugonjwa ulipo, na sitaki kupita haraka. HOXA ni jeni za uchanga. Husomwa kwenye seli mama za damu, zile zinazotakiwa kuendelea kugawanyika, kisha hunyamazishwa seli inapokua na kuchukua kazi yake, iwe kupigana na bakteria au kumeza taka. Zisiponyamaza, seli haikui. Inabaki changa, inagawanyika, na kila binti yake anabaki mchanga vilevile. Chembe zile 212,000 nilizoziona kwenye kioo zilikuwa seli zilizokatazwa kukua. Kipande kilichojirudia cha FLT3 kilikuwa kazi nyingine: kiliziambia zigawanyike bila kupumzika. Moja lilizuia makuzi, jingine likakanyaga mafuta. Mambo haya mawili huonekana pamoja kwa wagonjwa wengi wa aina hii.

Sasa, kwa nini mkia wa bawabu? Kwa nini NSD1 haikuunganishwa na protini nyingine yoyote? Tangu mwaka 1996, ilipogunduliwa NUP98 iliyounganika na HOXA9, wabia zaidi ya 30 wa NUP98 wamepatikana kwenye saratani za damu. Wabia wanabadilika, kinachobaki daima ni mkia ule wa fenilalanini na glisini. Mwaka 1999 ilionekana kwamba mkia huo huvuta CBP na p300, protini zinazofungua DNA ili isomwe. Mwaka 2021 makundi kadhaa yalionyesha jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote kwenye habari hii: ndani ya kiini, mikia hiyo hukusanyika na kufanya matone, vidonge vidogo vya mlenda, kwenye jeni zilezile za uchanga, na wasomaji wa jeni hunaswa humo kwa wingi. Watafiti walipobadilisha zile fenilalanini zikawa serini, mkia ulipoteza unato, matone hayakutokea, na seli hazikugeuka kuwa saratani.

Sifa ileile inayomfanya bawabu ajenge ute wa mlangoni ndiyo iliyojenga matone kwenye HOXA. Haikuharibika. Ilihamishwa.

Nirudi kwenye karatasi niliyoisaini. Picha ya kromosomu hutegemea rangi: kila kromosomu hutiwa rangi ikaonyesha mistari myeusi na myeupe, na mtaalamu hutafuta mstari uliohama. Ncha ya kromosomu ya 5 na ncha ya kromosomu ya 11 zote huwa nyeupe, na vipande vilivyobadilishana ni vidogo. Nyeupe ikikaa mahali pa nyeupe, hakuna jicho litakaloona. Mabadilishano haya yalielezwa mwaka 2001, na tangu hapo inajulikana kwamba picha ya kawaida huyakosa. Mwaka 2011 watafiti walipowarudia watoto wenye lukemia ya mieloidi walioandikiwa "kromosomu za kawaida", waliyakuta kwa 16 katika kila 100. Katika kundi hilo la NUP98 na NSD1, walioishi miaka minne bila ugonjwa kurudi hawakufika 10 katika 100.

Yaani jibu la maabara halikuwa la uongo. Mimi ndiye niliyelisoma kana kwamba linasema jeni zote zipo mahali pake, wakati lilisema tu kwamba hakuna mstari uliohama. Mvuvi wa dagaa asingefanya kosa hilo. Anajua kwamba wavu wa sangara ukitoka mtupu haimaanishi hapana dagaa. Anaangalia macho ya wavu kwanza.

Je, tungelijua mapema angepona? Siwezi kusema hivyo. Kilichobaki kama tumaini kwa aina hii ni kupandikizwa uboho mara tu ugonjwa unapozimika, na wake haukuwahi kuzimika. Dawa zinazozuia FLT3 zipo, midostaurini iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 na gilteritinibu mwaka 2018, lakini hazikuwa kwenye kabati letu. Dawa za kuzuia menini, protini ambayo matone yale huitegemea ili HOXA zisomwe, zimeanza kuingia: revumenibu iliidhinishwa Marekani Novemba 2024, ila kwa wenye kasoro ya jeni nyingine, KMT2A. Kwa NUP98 ushahidi mzuri niujuao ni wa panya na wa seli za wagonjwa zilizokuzwa maabara. Naufuatilia kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa dawa yoyote.

Lakini kungekuwa na tofauti. Siku ya kumi tungejua kwamba dawa za kawaida peke yake zina nafasi ndogo. Tungeanza kutafuta FLT3 mapema, tungewapima ndugu zake kuona kama yupo wa kumpa uboho unaooana na wake, na zaidi ya yote tungemwambia mjomba ukweli akiwa bado na mtoto wa kukaa naye. Tulimwambia "kundi la kati". Alirudi kisiwani mara moja kuvua ili apate pesa ya matumizi, kwa kuwa alielewa kwamba muda upo.

Sasa kila mtoto anayeingia na chembe changa za mieloidi tunamchukua uboho kwa ajili ya RNA siku hiyohiyo, kabla ya dawa, na tunaomba NUP98 itafutwe kwa jina lake hata kama kromosomu zimerudi safi. Mashine za PCR, zinazotafuta kipande cha jeni kwa kukizidisha, Mwanza zipo. Nyingi zilikuja kwa ajili ya VVU, kifua kikuu na baadaye UVIKO-19. Tatizo ni vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, na mtu wa kuuliza swali. Kipimo cha kutafuta jeni iliyokatika kwa taa za rangi chini ya hadubini ni kizuri zaidi, maana hakijali mbia ni nani, ila sampuli za kipimo hicho bado tunazisafirisha kwenda kupimwa kwingine.

Mjomba alikuja kuchukua majibu mwezi uliofuata, mbalamwezi tena. Nilimkalisha ofisini na kumweleza nusu saa. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza maswali matatu. Je, ni maji ya ziwa? Nikamwambia hapana, hakuna kitu chochote kwenye maji kinachojulikana kuleta mkatiko huu. Je, kuna mtu alimfanyia? Nikamwambia hapana, mjomba, hakuna. Je, mdogo wake wa kike, aliyebaki na bibi, naye ataupata?

"Naomba uniandikie hilo la mwisho," alisema. "Bibi yake hataniamini mimi. Uliandike kwa Kiswahili, asomewe."

Nikachukua karatasi yenye nembo na kuandika:

"Ugonjwa wa marehemu ulianza kwenye seli moja ya uboho wake. Hakuurithi kwa baba wala kwa mama. Vipande viwili vya jeni vilibadilishana mahali ndani ya seli hiyo, na seli ikashindwa kukua. Mdogo wake hana vipande hivyo vilivyobadilishana na hakuna kipimo anachohitaji. Akipata homa apimwe malaria kwanza, ndipo apewe dawa. Homa isipokwisha ndani ya wiki, aletwe, hata kama mwezi haujawa mpevu."

Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaniaga. Meli ya Nansio ilikuwa inaondoka mchana.